NANI ALIYEMUUMBA FURU?



Karatasi hii umepewa mkononi. Pengine ulikuwa unapita zako barabara ya Shinyanga, ukasikia vipaza sauti, ukasimama kidogo uone kuna nini. Usiitupe, wala usiifungie karanga kabla hujaisoma. Nina neno na wewe, hasa wewe uliyefika kidato cha nne, cha sita, au hata chuo, na ukisikia habari za Mungu Muumba unacheka moyoni ukisema, "Hayo ni ya wazee. Sisi tumesoma sayansi."

Mimi sikusoma sana. Niliishia darasa la saba, baadaye nikasoma kozi ya Biblia. Sitajifanya profesa mbele yako. Ila nimekulia hapa hapa kando ya ziwa, nimeuza mapanki, nimebeba ndoo za samaki, na yako mambo niliyoyaona kwa macho yangu nataka nikuambie. La kwanza ni aibu yangu mwenyewe.

NILIVYOMFUKUZA KIJANA MMOJA

Miaka michache iliyopita tulikuwa na mkutano wa Injili hapa Mkolani. Siku ya tatu nilipewa nafasi ya kuhubiri, nikashika moto, nikafika kwenye habari za uumbaji. Nikasema kwa sauti kuu kwamba yale mafuvu ya Olduvai ni uongo mtupu, eti wazungu wameyachonga kwa patasi ili watu wasiende kanisani. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Nikashuka jukwaani nikijiona nimeshinda vita.

Baada ya maombezi akanijia kijana mmoja, mwanafunzi wa sekondari, bado amevaa sare. Akasema kwa adabu kabisa, "Shikamoo mtumishi. Samahani, hilo fuvu wewe umewahi kuliona?"

Sikuwa nimeliona. Nilitakiwa niseme hivyo tu, neno moja, "Sijaliona." Badala yake nilimwekea mkono kichwani nikaanza kukemea roho ya ubishi, tena mbele ya rafiki zake. Akasimama pale kimya, akaningoja nimalize, akachukua begi lake akaondoka.

Mwaka jana nimekutana naye stendi ya Nyegezi. Sasa ni mtu mzima, ana kazi yake. Alinitambua kabla mimi sijamtambua. Nikamwomba msamaha palepale, abiria wanapita na mizigo yao. Akanijibu hivi: "Mtumishi, mimi sikuacha kanisa kwa sababu ya fuvu. Niliona umenidanganya kwenye kitu ninachoweza kukikagua. Nikajiuliza, je, kwenye vile nisivyoweza kuvikagua?"

Ndugu yangu, sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikafungua Biblia, Ayubu 13:7. Pale Ayubu anawageukia rafiki zake, watu wa dini sana, na kuwauliza kama kweli wanataka kumtetea Mungu kwa hila. Nilikuwa nimeusoma mstari ule mara nyingi nikidhani unahusu watu wengine.

Kwa hiyo leo naanza upya, na wewe uwe shahidi.

FUVU LIPO

Tarehe 17 Julai 1959, bonde la Olduvai, Mama Mary Leakey aliliona fuvu limejitokeza kwenye mteremko. Mumewe, Louis Leakey, siku hiyo alikuwa kambini amelala na homa. Wakaliita Zinjanthropus. Linatunzwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, na hakuna aliyelichonga kwa patasi. Umri wake ni kama miaka milioni 1.75, na huo haukukisiwa tu. Chini na juu ya mahali lilipokuwa mna tabaka za majivu ya volkano, na ndani ya majivu hayo mna potasiamu ambayo sehemu yake hugeuka polepole sana kuwa gesi ya argoni. Wanapima gesi iliyokusanyika, kama wewe unavyoweza kujua mshumaa umewaka muda gani kwa kutazama kilichobaki. Halafu mwaka 1978 huko Laetoli, si mbali na Olduvai, zikapatikana nyayo zilizoganda kwenye majivu, za viumbe waliotembea kwa miguu miwili kama miaka milioni 3.6 iliyopita.

Lakini hapa na wewe msomi nikushike kidogo. Wengi mnasema vijiweni kwamba "sayansi imesema Zinjanthropus ndiye babu yetu." Haijasema hivyo. Wataalamu wenyewe wanasema Zinjanthropus ni tawi la pembeni lililokauka bila kuacha uzao. Kwa hiyo mimi nilidanganya jukwaani, na wewe unakariri usilolisoma. Tupeane mkono.

Na huyo Louis Leakey, unajua alizaliwa wapi? Kabete, Kenya, mwaka 1903, mtoto wa wamisionari wa Kianglikana. Alizaliwa ndani ya uzio wa misheni.

Ugomvi huu si wa Mkolani peke yake. Mwaka 2006 huko Nairobi, askofu wa Kipentekoste, Boniface Adoyo, aliongoza wakristo kupinga Makumbusho ya Taifa ya Kenya yasionyeshe mabaki ya kale kama ushahidi kwamba mwanadamu alitokana na viumbe vya zamani. Kubwa lililogombewa lilikuwa mifupa ya "Kijana wa Turkana", iliyoanza kuonekana mwaka 1984 kwa jicho kali la Mkenya, Kamoya Kimeu, karibu na ziwa Turkana. Richard Leakey, mtoto wa Louis, akajibu kwa ukali. Magazeti ya dunia yakaandika. Makumbusho yakafunguliwa upya mwaka 2008, na mifupa ikawekwa. Simhukumu askofu, alikuwa na uchungu na watoto wa kanisa. Lakini mimi nikitazama naona tulipigania kabati la vioo, na vijana wetu walikuwa wamesimama nje wakitutazama tunavyopigana.

SASA TUJE ZIWANI

Olduvai ni mbali na nauli huna. Twende hapa hapa.

Furu unamjua. Ndiye yule samaki mdogo ambaye ukimleta nyumbani mama anakuuliza, "Ndiyo hawa tu?" Wavuvi wanamtumia kama chambo cha ndoano za sangara. Nikiwa kijana nilipata kibarua cha kubeba ndoo kwa watu waliokuwa wanachunguza samaki. Siku ya kwanza nilimwaga furu wote katika ndoo moja. Dada mmoja mtafiti akanisimamisha. "Kaka, umechanganya! Hebu tazama meno." Nikatazama. Yuko mwenye meno ya kukwangua ukoga kwenye mawe. Yuko mwenye taya nene la kuvunjia konokono. Yuko wa kula wadudu, na yuko mwizi anayeishi kwa kula mayai na vitoto vya wenzake. Maana furu jike, kama hukujua, huatamia mayai yake mdomoni, na vitoto wakitishwa hurudi mdomoni mwa mama. Ndani ya ziwa hili wamehesabiwa karibu aina 500, na wengi wao hawapo mahali pengine popote duniani.

Yuko mmoja amepewa jina la Mwalimu. Ndiyo, Pundamilia nyererei, alitambulishwa kwa wanasayansi mwaka 1985, akiwa amevuliwa kwenye ghuba yetu hii ya Mwanza. Dume lake ni jekundu mgongoni na hukaa chini kidogo kwenye miamba. Ana ndugu yake wa bluu anayekaa juu karibu na mwanga. Majike huchagua dume kwa rangi, na macho ya hawa na ya wale yanatofautiana kidogo, kwa sababu kule chini mwanga unaofika ni wa wekundu zaidi. Basi jike anayeona vizuri wekundu anamfuata mwekundu, anayeona vizuri bluu anamfuata wa bluu, na vizazi vinakwenda njia mbili. Maji yakichafuka sana, jike hatofautishi tena, na hao wawili huanza kuchanganyika. Jambo hili limepimwa visiwani hapa hapa.

Na tena watu walishusha mabomba wakatoa nguzo ndefu za tope kutoka chini ya ziwa. Wakakuta tabaka la udongo mgumu uliowahi kukauka juani, udongo wa nyasi. Yaani kama miaka 15,000 iliyopita ziwa Victoria lilikauka, au lilikaribia sana kukauka. Hapo unapoona maji mpaka upeo wa macho, ng'ombe wangeweza kula majani. Mvua zikarudi, ziwa likajaa, na hizo aina 500 nyingi zimetokea tangu hapo.

Kuna lingine la karibu zaidi. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950, upande wa Uganda. Miaka ya 1980 alizaliana huku kwetu kupita kiasi. Waholanzi na Watanzania waliokuwa wakichunguza ghuba ya Mwanza tangu miaka ya 1970 walikuta mwanzoni furu ndio karibu samaki wote, kama 80 kwa kila 100 kwa uzito. Ndani ya miaka michache, kwenye maji ya wazi hawakuonekana tena. Aina nyingi zikapotea, pengine 200. Sangara aliwala, na maji nayo yalichafuka yakakosa oksijeni. Sangara akaleta viwanda, fedha za kigeni na mabondo ya bei kubwa. Sisi tukala mapanki. Lakini baadaye furu wachache wakarudi, na watafiti walipowapima waliona ajabu. Mmoja wao, ndani ya miaka 20 tu, alikuwa amekuza matamvua, yale mashavu mekundu ya kupumulia, kuliko babu zake waliohifadhiwa kwenye chupa. Maji yalikuwa na hewa kidogo, na waliokuwa na matamvua makubwa ndio waliozaa.

Haya nimekueleza bila kupunguza. Sasa swali. Nani aliyemuumba furu?

MKUNGA NA ZABURI

Mhubiri kama mimi wa zamani atasema, "Mungu alimuumba, kwa hiyo hayo ya macho na matamvua ni uongo." Mwanafunzi atasema, "Macho na matamvua yameeleweka, kwa hiyo Mungu hayupo." Mnaona? Wote wawili wamekubaliana jambo moja bila kujua, kwamba kitu kikishaeleweka Mungu hana sehemu tena pale.

Hebu fungua Zaburi 139, kuanzia mstari wa 13. Mwimbaji anamshukuru Mungu kwa kumfuma tumboni mwa mama yake. Sasa nenda kliniki yoyote umuulize mkunga mtoto anatengenezwaje. Atakueleza mbegu ya baba, yai la mama, wiki ya kwanza mpaka ya arobaini, moyo unaanza kudunda lini. Anajua. Mimi mke wangu amejifungua mara tatu mikononi mwa wakunga, na sijawahi kusikia mhubiri akimkemea mkunga kwamba anapinga Zaburi. Wala sijaona mkunga aliyetupa Biblia kwa sababu amejua miezi tisa. Mungu alinifuma, na njia yenyewe mkunga anaijua. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na hakuna anayeshangaa.

Basi kama Mungu alichukua miezi tisa kunitengeneza mimi kwa njia inayojulikana, kwa nini nimkataze asichukue miaka 15,000 kumtengeneza furu? Soma tena Mwanzo sura ya 1. Mungu anayapa maji agizo yatoe viumbe, na nchi nayo anaipa agizo. Na jua limetajwa siku ya nne, kwa hiyo zile siku tatu za mwanzo mimi sithubutu kuzipima kwa saa yangu ya mkononi. Wako watumishi wenzangu wanaosema ni siku za saa 24, nawaheshimu, tunaabudu pamoja na tunagombana kidogo tukinywa chai.

Usinielewe vibaya. Sisemi nimekuthibitishia Mungu kwa ndoo ya furu. Ziwa haliwezi kukulazimisha. Tazama watu waliosoma kunishinda mimi na wewe. Richard Dawkins, mwalimu mkubwa wa mambo ya viumbe, alizaliwa Nairobi mwaka 1941, na mwaka 2006 alitoa kitabu cha kumkana Mungu kikasomwa dunia nzima. Mwaka huo huo Francis Collins, Mmarekani aliyeongoza kazi ya kusoma chembe zote za urithi wa mwanadamu, kazi iliyokamilika mwaka 2003, naye akatoa kitabu chake, akieleza jinsi alivyotoka katika kumkana Mungu akawa mkristo, na hakuona haja ya kuikana sayansi. Na hiyo habari ya ulimwengu kuwa ulianza kitu kimoja kidogo ukatanuka, aliyeitoa mwanzoni, miaka ya 1927 na 1931, ni padre wa Ubelgiji, Georges Lemaître. Vipimo wanavyosoma hao ni vile vile. Mmoja anaondoka akicheka, mwingine anapiga magoti. Basi kinachowatenganisha hakiko kwenye kipimo. Kiko mahali pengine, na hapo ndipo ninapotaka kuzungumza na wewe.

MCHANA SAYANSI, USIKU MGANGA

Nitasema ukweli, usinichukie. Nimewaona vijana wa hapa wanaosema "mimi naamini sayansi tu," na kiunoni wamefunga hirizi. Anabishana mchana kuhusu nyani, usiku anapeleka kuku mweupe kwa mganga ili mkeka wake utiki au machimbo ya Geita yamtokee. Hiyo ni sayansi gani?

Na jambo hili si mchezo. Kuanzia kama mwaka 2006, kanda yetu hii ya Ziwa ilipata aibu mbele ya dunia. Watu wenye ualbino walikatwa viungo na kuuawa, hata watoto wadogo vitandani, kwa sababu waganga waliwaambia watu kwamba viungo vyao vinaleta dhahabu na samaki. Mpaka Januari 2015 serikali ikatangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Sayansi ilikuwa na neno la kusema hapo. Ualbino ni urithi kutoka kwa baba na mama wote wawili, mwili unakosa ile rangi ya ngozi, basi. Hakuna dhahabu ndani ya mfupa wa mtu. Neno hilo ni la kweli, na lingesemwa mapema kila kijiji lingeokoa watu. Lakini aliyeshika panga, hata ukimthibitishia kwamba hakuna dhahabu, bado umuulize, na kama ingekuwepo? Hapo kipimo kinanyamaza. Mwanzo 1:27 ndiyo inayosimama pale mlangoni na kusema huyu aliyelala amebeba sura ya Mungu, humgusi, hata angekuwa na dhahabu tupu.

Na sisi watu wa kanisa tulikuwa wapi? Wengine tulikuwa tunahubiri kuhusu patasi.

Kwa hiyo nakuuliza wewe. Unaposema sayansi imemwondoa Mungu, ni kweli umeichunguza sayansi ukafika hapo, au umepata mahali pazuri pa kujificha? Kama kweli una swali, swali lako ni la heshima, lilete. Lakini kama kuna binti uliyempa mimba ukamkana, kama kuna hela ya mzee uliyokula, kama kuna kitu unakifanya gizani na hutaki awepo wa kukuona, usimsingizie furu. Furu hana kosa. Mimi nilijificha nyuma ya Biblia ili nisiseme "sijui", na wewe unaweza kujificha nyuma ya kitabu cha baiolojia ili usiseme "nimekosa". Mungu anatuona wote wawili.

Huyo Muumba ninayemhubiri hakukaa mbali akipima. Alikuja, akawa mtu, akazaliwa na mwanamke kwa miezi yake, akakaa na wavuvi wa ziwani, akafa msalabani kwa ajili ya dhambi zako na zangu, akafufuka, akawapa wanafunzi wake samaki wa kuchoma ufukweni (soma Yohana 21). Hili siwezi kukupimia kwenye ndoo. Nakushuhudia tu kwamba nilikuwa mlevi na mgomvi wa mwaloni, nimewahi kumpiga mtu chupa kwa ajili ya sangara mmoja, na yeye akanitoa huko.

Yule kijana wa stendi mpaka leo hajaokoka. Namwombea kila siku, na sijawahi kumkemea tena. Wiki mbili zilizopita alinipigia simu kuuliza Ayubu iko upande gani wa Biblia.

Kama moyo wako unagongwa, usingoje kesho. Omba hivi, kwa maneno haya au ya kwako:

"Mungu uliyeumba ziwa na mimi, nimekuja. Nimekosa, na nimejificha. Naamini Yesu alikufa kwa ajili yangu na yuko hai. Nisamehe, nioshe, uyatawale maisha yangu. Maswali yangu nayaleta nayo, sitakudanganya kwamba sina. Amina."

Kama umeomba, mwambie mtu leo hii. Tafuta kanisa la wokovu lililo karibu na wewe, pata Biblia, anza na Injili ya Yohana. Ukibaki Mkolani, njoo mkutanoni jioni. Nikishuka jukwaani nakaa kwenye benchi la upande wa kushoto, karibu na jenereta. Njoo na swali lako. Nisipokuwa na jibu nitakuambia sina, halafu tutalitafuta pamoja.